Habari za Waliovuka Salama

Hofu ya uzazi ni ya kale kama uzazi wenyewe. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza huhesabu miezi kwa furaha, lakini kila mwezi upitao humwongezea wasiwasi. Safari iliyo mbele yake huijua kwa masikio tu. Kwa hiyo anayosimuliwa ni jambo kubwa. Akisimuliwa mayowe na mauti peke yake, utungu humkuta amekwisha shindwa nusu ya vita. Akisimuliwa pia habari za waliovuka salama, hupata pa kuegemeza moyo wake. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Historia ya karne ya ishirini huko Ulaya na Marekani yaonyesha jinsi habari hizo njema zilivyofifia, zikatafutwa tena, na kwa masharti gani zilifaa.

Katika mwaka wa 1914 wanawake wa Marekani walianza kusifu, magazetini na mikutanoni, dawa iliyotumiwa na madaktari wa Freiburg, Ujerumani. Ilikuwa mchanganyiko wa mofini na skopolamini. Haikuondoa maumivu yote, bali ilifuta kumbukumbu yake. Mzazi aliamka akapewa mtoto wake, naye hakumbuki alivyomzaa. Sifa hizo zilitoka katika nyoyo safi. Lakini mwaka wa 1915 Bibi Carmody wa Brooklyn, mmoja wa waliotangulia katika wito huo, alifariki katika uzazi. Mumewe na daktari wake walikana kwamba dawa ndiyo iliyomwua, lakini imani ya watu ilitikisika. Hata hivyo dawa za namna hiyo ziliendelea kutumika hospitalini kwa miaka mingi, na kufikia mwaka wa 1940 zaidi ya nusu ya watoto wa Marekani walizaliwa hospitalini. Hasara moja haikuandikwa katika daftari lolote: mama aliyezaa bila kukumbuka hakuwa na la kumwambia binti yake.

Uingereza nako alitokea daktari Grantly Dick-Read. Alisimulia kwamba katika ujana wa kazi yake, ndani ya nyumba ya kimaskini mtaani Whitechapel, London, mwanamke mmoja aliikataa klorofomu akazaa kwa utulivu, kisha akasema kuwa hakuumia. Katika vitabu vyake vya mwaka wa 1933 na 1942, Dick-Read alifundisha kuwa hofu huukaza mwili, mkazo huzidisha maumivu, na maumivu huzidisha hofu. Miongoni mwa vyanzo vya hofu alitaja hadithi za kutisha ambazo wanawake hulishwa tangu utoto.

Fundisho hilo liliwafaa wengi, lakini lilikuwa na doa. Dick-Read alidai kwamba wanawake wa jamii alizoziona duni katika ustaarabu huzaa bila taabu. Hiyo ilikuwa ndoto ya mtu asiyeuliza. Angaliuliza katika pwani ya Afrika Mashariki, angaliambiwa kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tena habari za wazazi zilikuwa bado zapita katika kinywa cha mwanamume.

Kinywa kilibadilika kwa Marjorie Karmel, Mmarekani aliyejifungua Paris mwaka wa 1955 chini ya uangalizi wa daktari Fernand Lamaze. Huyu alikwenda Urusi ya Kisovieti mwaka wa 1951, akaona wanawake wakitayarishwa kwa mafunzo kabla ya utungu, akaleta njia hiyo Ufaransa. Mwaka wa 1959 Karmel alitoa kitabu cha kumshukuru, Thank You, Dr. Lamaze. Hakuandika kama mtaalamu. Aliandika kama mtu aliyelala kitandani akaamka na mtoto na kumbukumbu. Mwaka uliofuata, yeye na mwalimu Elisabeth Bing walishiriki kuanzisha chama cha kueneza mafunzo hayo Marekani. Neno la mzazi lilipenya nyumba ambazo majarida ya madaktari hayakuingia.

Aliyefuata hatua hizo kwa ukamilifu zaidi ni Ina May Gaskin. Mtoto wake wa kwanza alivutwa kwa koleo hospitalini. Kisha akajiunga na msafara wa mabasi uliotoka San Francisco mwaka wa 1970; watoto walizaliwa njiani, na wanawake wakasaidiana. Mmoja wa watoto hao, aliyezaliwa kabla ya wakati, alikuwa wake, naye alikufa. Mwaka wa 1971 msafara ulitua karibu na Summertown, Tennessee, mahali palipoitwa The Farm, na Gaskin akawa mkunga. Kitabu chake cha mwaka wa 1975, Spiritual Midwifery, kilikusanya masimulizi ya wazazi wenyewe, ili mwenye mimba asome yaliyowapata wenzake.

Lakini mkunga huyo hakukusanya furaha peke yake. Mwishoni mwa karne alianzisha mfarishi wa vipande vya nguo, kila kipande kikimkumbuka mwanamke mmoja wa Marekani aliyekufa kwa sababu ya mimba au uzazi tangu mwaka wa 1982. Kitabu na mfarishi havipingani. Kimoja chasema kuwa wengi huvuka. Kingine chauliza kwa nini wengine hawakuvushwa.

Hiki ndicho kipimo cha masimulizi mema. Simulizi haizuii damu inayovuja wala haishushi kifafa cha mimba. Kazi hiyo ni ya mkono wenye ujuzi, dawa na chumba cha upasuaji kilicho karibu. Wala simulizi njema isiwe fimbo ya kumchapa aliyelia, aliyeomba dawa, au aliyepasuliwa. Huyo naye amevuka. Msimulizi amwambie mwenzake kweli yote: pale alipoogopa, pale alipoumia, nani alimshika mkono, na jinsi alivyofika. Ushujaa uliojengwa juu ya uongo huanguka kwa utungu wa kwanza. Uliojengwa juu ya kweli husimama mpaka mtoto alie.