Programu huria, lakini ramu huamshwa kwa siri

Mwenye kompyuta mjini Shinyanga au huko Mwadui aweza kuondoa Windows, akaweka Linux, akaamini kwamba sasa kila programu inayoendesha mashine yake iko wazi kusomwa. Sivyo. Kabla ya Linux kuamka hutangulia programu nyingine, iliyohifadhiwa katika chipu ndogo ya ubao mkuu, na ndani yake mara nyingi imo sehemu ambayo kiwanda hakimwonyeshi mtu.

Sehemu hiyo huandaa kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu. Umeme unapowaka, ramu haiwezi kutunza hata herufi moja. Hutambuliwa kwanza aina ya vipande vilivyochomekwa, kisha ishara hujaribiwa tena na tena, kwa tofauti za muda zilizo ndogo kuliko sehemu ya bilioni ya sekunde, hadi zifike bila kosa. Vipimo hivyo ndivyo watengenezaji wanavyovifanya siri.

Mwaka 1999 Ron Minnich, katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, alianzisha LinuxBIOS, mradi ulioitwa coreboot kuanzia 2008. Msimbo wake ni huria. Hata hivyo, kwa prosesa nyingi mpya za Intel hubeba kifurushi cha kampuni hiyo kiitwacho FSP, ambacho hutolewa bila maandishi yake ya asili. AMD iliwahi kufungua msimbo wake mwaka 2011, lakini katika prosesa zake za Zen kazi hiyo hufanywa na prosesa ndogo ya ndani, iliyofungwa nayo.

Hata kompyuta za XO, ambazo Rwanda iligawa kwa wanafunzi zaidi ya 200,000, ziliamshwa na programu huria huku chipu yao ya mawasiliano yasiyo na waya ikitumia msimbo wa siri wa Marvell.

Kwa sisi tununuao mitumba, jambo hili si la wataalamu peke yao. Kiwanda kikishaiacha mashine, hitilafu iliyomo katika sehemu hiyo haina wa kuirekebisha. ThinkPad X230 ya mwaka 2012 imesalimika: watu wa coreboot waliuchunguza mwenendo wa prosesa za kizazi chake, wakaandika upya msimbo wa kuamsha ramu, na fundi yeyote aweza kuusoma.