Posho ya familia, na siku za kulinda mgonjwa

Bandugu wa chama, tukianza kuzungumza juu ya mfanyakazi mwenye mgonjwa nyumbani, wengi wanasema hayo ni mambo ya ONG. Lakini hapa Katanga kampuni zilianza kuhesabu familia ya mfanyakazi karibu miaka mia sasa, tena zilihesabu kwa kilo.

Union Minière ilizaliwa 1906. Miaka ya kwanza iliandika wanaume peke yao, kwa kontra ya miezi tu, wengi wakipitia Bourse du Travail iliyoundwa 1910. Kambini watu walikufa sana, wengine walikimbia, na kila mara kampuni ililipa tena kutafuta wapya. Karibu 1927-1928 ikageuza njia: kontra ya miaka 3, na mwanaume aje na bibi yake. Bibi akapata posho yake, watoto nao yao. Kukawa nyumba za kuzalia, mizani ya kupima watoto, masomo. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa wa siasa ile, aliiandikia kitabu 1946.

Tusidanganyane, haikuwa huruma. Mimi nilisoma kilimo, hesabu ile ninaifahamu haraka: ni ya mchungaji anayetaka mama azae vizuri na mtoto akomae kwa kazi ya kesho. Lakini watu wa kambi waliichukua posho wakaifanya haki yao, na Gécamines, kisha serikali kuchukua kampuni 1967, iliendelea nayo: unga, lupitalo, masomo. Mpaka ikakauka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ile « départ volontaire ».

Kitu kimoja kilibaki, ni maana ya neno familia. Kambini ilikuwa bibi na watoto. Mama mzee aliyebaki kijijini hakuwa na posho. Sasa soma Kodi ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002. Mwanamke akizaa, yuko na wiki 14. Akinyonyesha, nusu saa mara 2 kwa siku, na inalipwa. Bibi yako akizaa, wewe mwanaume siku 2. Baba ao mama akikufa, siku 4. Akigonjwa je? Kwa ile listi ya siku za mambo ya nyumbani, ugonjwa wake hauko. Uko na siku za kuzika, hauna za kulinda.

Na lupitalo zetu tunazijua: chakula kinatoka nyumbani, dawa unakimbilia wewe mwenyewe, usiku ndugu analala chini pembeni ya kitanda. Kule ninatumika, mama alilazwa siku 9. Chef alinipa ruhusa, siwezi kukatala, lakini siku zote zilitolewa kwa konje yangu ya mwaka. Mwenzangu mmoja, yeye konje ilikwisha kuisha kwa mtoto mgonjwa. Mama mkwe alipoanguka, akaacha kazi.

Convention collective inaweza kutoa zaidi ya Kodi, hilo linaruhusiwa. Siku 5 za kulinda mzazi, kwa karatasi ya daktari, hazingoje sheria mpya kutoka Kinshasa. Wale kati yetu wanaokaa kwa délégation syndicale waziweke mezani siku wanajadiliana mishahara, mbele ya ile ya transpora.