Yona wa Birongo

Nilipokutana na Yona katika *Bembea ya Maisha*, tamthilia ya Timothy Arege, nilihisi namjua. Pengine nawe uliisoma shuleni. Yona na Sara wamejaliwa mabinti, hawana mvulana. Wanakijiji wanamsema, anaingia kwenye pombe, kisha ngumi zinamshukia Sara.

Mimi nimelelewa Birongo, Kisii, kwenye nyumba ya mabinti wanne. Wageni walikuwa wanatuhesabu, halafu wanamuuliza mama, "Na watoto wako wapi?"

Swali hilo lina historia. Kwa Abagusii wa zamani, shamba lilirithiwa na wana wa kiume. Mama asiye na mvulana angeweza kutoa ng'ombe "amuoe" msichana, ili amzalie mrithi wa nyumba yake. Tangu Julai 1981, Sheria ya Urithi ya Kenya haiulizi mtoto ni wa kike au wa kiume, na Katiba ya 2010 ikakazia usawa huo. Lakini sheria haiketi matangani kusikiliza wazee wakiuliza nani atabaki na boma.

Kwenye tamthilia, anayehangaikia matibabu ya Sara ni Neema, bintiye. Kwetu ni vilevile: bili ya hospitali ya mzee tulichanga sisi wanne kwa M-Pesa. Mwaka jana alituzungusha shambani, akamwonyesha kila mmoja kipande chake. Kuandika ndiyo amekataa. Anaogopa watu watasema nini.

Yona bado yuko, bana. Ni vile tu huyu wetu hanywi.