Meseji zetu za zamani ziko wapi?

Wadau, kuna swali limekuwa likinisumbua: hivi historia ya miaka ya 2000 itaandikwa kutoka wapi?

Tazama hili. Kuna barua za Kilwa za mwaka 1711, zimeandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo ziliangukia mikononi mwa Wareno. Mpaka leo zimetunzwa katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Zaidi ya miaka 300! Sasa wewe nitafutie meseji moja tu ya mwaka 2003.

Meseji ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mhandisi Neil Papworth aliandika salamu za Krismasi kwenye kompyuta, zikaingia kwenye simu ya Richard Jarvis wa Vodafone. Nafasi ilikuwa ndogo, herufi 160 basi. Huku kwetu ufinyu huo, ukichanganya na bei ya vocha, ulizaa uandishi wake: "2taonana", "xaxa", "mambo vp". Wazee walilalamika kwamba tunaharibu lugha. Mtaalamu wa Kiswahili atakayetaka kuchunguza uandishi huo ulivyoanza atapata wapi mifano?

Simu zenyewe zilikuwa na tumbo dogo. Laini ilibeba meseji chache tu. Zikijaa, mpya haiingii mpaka ufute. Kwa hiyo kila mwenye simu alikuwa mtunza nyaraka bila kujijua. Ya mpenzi inabaki, ya "nipigie" inaondoka. Wengine walinakili kwenye daftari, na tarehe wakaweka. Simu ikiibiwa, imekwisha hiyo. Hata leo ukirudisha laini iliyopotea unapata namba yako, meseji zako hupati.

Msidhani nazungumzia mapenzi tu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, meseji zilieneza chuki, na meseji hizo hizo ziliomba msaada. Serikali ilifikiria hata kuzima huduma hiyo. Januari 2008 Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi: watu walituma taarifa za matukio, nyingine kwa meseji, nazo zikawekwa kwenye ramani zikiwa na mahali na tarehe. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Katika hali kama hiyo, anayefuta meseji ya uchochezi kwa hasira au kwa hofu anamsaidia mchochezi aonekane msafi.

Sheria nayo inalijua hilo. Kwa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi mahakamani, na mahakama inapima pia ulivyotunzwa.

Leo simu zina nafasi tele, hatuchagui tena cha kubakiza. Tukibadili simu tunaacha vyote. Tunazozilinda kweli ni meseji za pesa, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, maana hizo ndizo risiti. Basi mjukuu atakuja kujua tulitumiana shilingi ngapi, asijue tuliambiana nini.

Ushauri wangu ni mdogo. Kama una simu ya zamani kwenye droo, tafuta chaja yake wiki hii, betri haisubiri. Piga picha kioo kikionyesha namba, tarehe na saa, au nakili kwenye daftari. Weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Ila kumbuka meseji ni ya watu wawili: kutunza ni haki yako, kuitangaza muulize kwanza mwenzako.

Haya, wewe ya zamani kabisa uliyonayo ni ya mwaka gani?