Maksai Wawili na Kuku 1,024

Ukiwa na shamba la kulima, utafunga jembe kwa nani: maksai wawili wenye nguvu, au kuku 1,024?

Swali hilo huhusishwa na Seymour Cray, fundi wa kompyuta kutoka Chippewa Falls, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, Marekani. Hakuwa anaongea kuhusu kilimo. Alikuwa anawatania wahandisi waliodai kwamba kompyuta kubwa za kesho zitaundwa kwa kuunganisha vichakataji vidogo vidogo, mamia kwa maelfu, kila kimoja kikidonoa kipande chake cha kazi. Cray aliamini maksai. Mashine moja yenye nguvu, iliyotengenezwa na watu wachache, mahali pasipo na kelele.

Mwaka huu nimemsoma sana jamaa huyu, na sababu si kompyuta. Ni kwamba maoni yake kuhusu maisha ni yale yale tunayoyatoa tukiwa tumekwama kwenye jam ya Thika Road saa moja asubuhi: ondoka jijini, zima simu, rudi nyumbani ufanye kazi yako polepole. Sisi tunasema tu. Yeye alifanya, na kwa miaka mingi mashine zilizokuwa na kasi kuliko zote duniani zilitoka katika mji wake wa nyumbani. Nilitaka kujua aliwezaje.

Alizaliwa Chippewa Falls Septemba 28, 1925. Ni mji wa mto, uliokua kwa biashara ya mbao na kujulikana kwa kiwanda cha bia cha Leinenkugel, kilichoanza 1867. Kuuzunguka ni mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Baba yake alikuwa mhandisi, na alimwachia mwanawe chumba cha chini ya nyumba kiwe karakana. Akiwa na miaka kama kumi, Seymour alitumia vipande vya mchezo wa kujengea kutengeneza kifaa cha kugeuza karatasi yenye matundu kuwa milio ya Morse. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alihudumu kwenye redio Ulaya, kisha Ufilipino, ambako alihusika na kazi ya kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Baada ya vita alisoma Chuo Kikuu cha Minnesota na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanza kuunda kompyuta mjini St. Paul.

Mwaka wa 1957 baadhi ya wenzake, wakiongozwa na William Norris, walianzisha kampuni ya Control Data, na Cray akajiunga nao muda si mrefu. Alipofanikiwa, mafanikio yakamletea kero. Mikutano. Simu. Wageni wa kampuni wanaotaka kusalimia. Basi mwaka wa 1962 aliondoka Minneapolis na kurudi Chippewa Falls, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari, na kampuni ikamjengea maabara huko huko, kwenye ardhi yake mwenyewe. Bosi akitaka kumwona, ni bosi anayesafiri.

Watu wa mjini wangesema amejizika. Agosti 1963 kampuni ikatangaza kompyuta iliyotoka kwenye maabara hiyo, CDC 6600. Ilipoanza kuuzwa 1964 ilikuwa na kasi karibu mara tatu ya mashine kubwa iliyotangulia ya IBM. Na IBM ndiyo iliyokuwa mfalme wa kompyuta wakati huo. Ilikuwa na pesa, majengo na wahandisi wasiohesabika. Mkuu wake, Thomas Watson Mdogo, alipopata habari aliwaandikia wasaidizi wake barua ya tarehe 28 Agosti 1963, barua ambayo imekuwa maarufu. Aliuliza inawezekanaje wapitwe na maabara yenye watu 34 tu, ukihesabu na mtu wa kufagia. Wahandisi 14, waandishi wa programu 4. Na katika hao wote, mwenye shahada ya uzamivu alikuwa mmoja tu.

Cray aliposikia, jibu lake lilikuwa fupi: inaonekana Bwana Watson amejijibu mwenyewe.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo unaweza kukisia jinsi nilivyoipenda hiyo sehemu ya shahada. Niliinakili kwenye simu kabisa. Halafu nikaendelea kusoma, nikakumbushwa kwamba Cray mwenyewe alikuwa na shahada mbili, moja ya uhandisi wa umeme na nyingine ya hisabati. Nikaifuta. Jibu lake halikuwadharau wasomi. Lilikuwa linasema kwamba watu 34 wanaoweza kuongea uso kwa uso hawapotezi muda wakielezana kazi, wanaifanya.

Kanuni zake za kila siku zilikuwa za aina hiyo hiyo. Aliunda kompyuta zenye kasi kuliko zote duniani kwa penseli na karatasi za mirabamraba. Inasimuliwa kwamba kampuni ilipomtaka aandike mpango wa miaka mitano, aliandika kuwa lengo la miaka mitano ni kujenga kompyuta kubwa kuliko zote duniani, na lengo la mwaka mmoja ni kutimiza sehemu moja ya tano ya hilo. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa akijenga mashua ya tanga na msimu ukiisha anaichoma, ili mashua ya mwaka unaofuata isiige makosa ya ile ya zamani. Sijui wewe, lakini mimi nina rafu za kazi za 2019 ambazo siwezi hata kuzifuta kwenye laptopu.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha handaki. Chini ya nyumba yake Cray alikuwa anachimba handaki, kwa mikono yake, bila haraka. Aliwaambia watu kwamba akikwama kwenye hesabu za mashine anaenda kuchimba, na akiwa huko chini vijitu vya msituni vinamletea jibu. Alikuwa anatania, lakini kila aliyewahi kupata wazo akiosha vyombo anajua alikuwa anasema ukweli.

Hata ubunifu wake mkubwa zaidi ni wa mtu anayefikiria vitu vinavyoshikika. Mwaka wa 1972 aliachana na Control Data na kuanzisha kampuni yake, Cray Research. Mwaka wa 1976 mashine ya kwanza, Cray-1, ilipelekwa Los Alamos, New Mexico. Ukiona picha yake utadhani ni kiti cha mapokezi ya hoteli: mnara uliopinda kama herufi C, umezungukwa na viti vya kukalia. Si urembo. Mwanga wenyewe, wenye kasi kuliko kitu chochote, husafiri sentimita 30 tu katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na umeme ndani ya waya hauwezi kuupita. Waya ukiwa mrefu, mashine inasubiri. Kwa hivyo Cray alipinda mnara ili waya za ndani zikutane kwa njia fupi, na hakuna hata mmoja uliozidi kama mita 1.2. Chini ya vile viti alificha mitambo ya kuleta umeme. Joto lake lilikuwa la kutisha, kwa hivyo akapitisha ndani yake kimiminika cha Freon, kile kile cha kwenye friji. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 5 na ilifanya hesabu milioni 160 kwa sekunde ikiwa imekaza. Simu iliyo mkononi mwako inaipita mbali sana, lakini wakati huo hakukuwa na kitu kama hicho popote.

Hapa ndipo nilipoanza kuona upande wa pili. Ndani ya Cray-1 kulikuwa na waya wa karibu kilomita 100. Haukuunganishwa na mtambo wowote. Uliunganishwa kwa mkono, kipande baada ya kipande, na wanawake wa eneo hilo, wakiwa wameinama nyuma ya mnara. Tunasema mashine za Cray, lakini vidole vilivyozifuma vilikuwa vyao. Ukitafuta majina yao kwenye simulizi za handaki na mashua, hutayapata.

Kuna na kisa cha wakulima. Kompyuta nyingi hutumia alama ya ziada inayokagua kama memori imekosea. Kwa Kiingereza mbinu hiyo huitwa parity, na neno hilo hilo lilikuwa jina la sera ya serikali ya Marekani ya kulinda bei za mazao. Cray hakuiweka kwenye CDC 6600, kwa sababu ingepunguza kasi. Inasemekana alitania kwamba parity ni ya wakulima. Baadaye alipoanza kuiweka alitania tena: kumbe hata wakulima hununua kompyuta. Cray-1 ya kwanza iliweza kugundua kosa la memori lakini haikuweza kulirekebisha, na zilizofuata zikaongezewa uwezo huo. Ni utani mzuri, nilicheka. Lakini angalia anayeutoa. Ni mtu aliyezungukwa na mashamba, anayepumua hewa ya mashamba, na mkulima kwake ni mtu anayehitaji ulinzi dhidi ya makosa ambayo yeye anaamini hawezi kuyafanya. Aliishi mashambani. Hakuishi maisha ya mashambani.

Na utulivu wake ulilipiwa na nani? Si maziwa ya Wisconsin. Los Alamos ni mahali bomu la kwanza la atomiki lilipoundwa, na miongoni mwa wateja wa mwanzo wa CDC 6600 ilikuwa maabara ya Livermore, California, ambayo pia hubuni silaha za nyuklia. Kujua bomu litalipuka vipi bila kulilipua kunahitaji hesabu nyingi mno, na serikali iliyo katika Vita Baridi haikuuliza bei. Kituo cha utafiti wa anga cha NCAR, jimbo la Colorado, kilinunua Cray-1 mwaka wa 1977 kwa dola milioni 8.86, na mashine kama hizo zilisaidia kutabiri hali ya hewa. Hilo ni kweli na ni zuri. Lakini soko liliwekwa hai na bomu. Jamaa anachimba handaki kwa raha zake, ndege wanalia, na bili inaenda kwa watu wanaopiga hesabu ya kuangamiza miji.

Sisemi hivi ili nimhukumu. Nasema kwa sababu simulizi za fundi mtulivu wa kijijini huwa hazina risiti. Tunaonyeshwa penseli, hatuonyeshwi mteja.

Vita Baridi vilipokwisha, mteja akapunguza matumizi. Cray alikuwa amehamia Colorado Springs na kuanzisha kampuni nyingine mwaka wa 1989, akijenga Cray-3 kwa saketi ambazo hazikutengenezwa kwa silikoni kama za wengine. Soko halikuwepo tena. Machi 1995 kampuni ikafilisika. Wakati huo huo wale kuku walikuwa wanakua. Vichakataji vidogo, vilivyotengenezwa kwa mamilioni kwa ajili ya kompyuta za ofisini na nyumbani, vilizidi kuwa na kasi na kushuka bei kila mwaka. Hakuna mtu mmoja mwenye penseli anayeweza kushindana na mamilioni ya wateja.

Mwaka wa 1996 Cray alianzisha kampuni ya mwisho, na safari hii alikubali kuunganisha vichakataji vingi. Ilimchukua miaka mingi, lakini alibadilisha mawazo akiwa na miaka 70, jambo ambalo wazee wengi ninaowajua hawaliwezi. Hakupata muda. Septemba 22 mwaka huo gari lake lilipata ajali Colorado Springs, na Oktoba 5 akafariki.

Desemba ya mwaka huo huo, kompyuta iliyoitwa ASCI Red, iliyotengenezwa kwa ajili ya maabara ya Sandia, ikawa ya kwanza duniani kufanya hesabu trilioni moja kwa sekunde. Ndani yake kulikuwa na vichakataji zaidi ya 7,000 vya Intel, aina ile ile iliyokuwa ikiuzwa kwa kompyuta za ofisini. Kuku 7,000 walikuwa wamelima shamba. Na shamba lilikuwa lile lile: Sandia nayo ni maabara ya silaha za nyuklia.

Leo tunaishi katika ulimwengu wa kuku. Kila unapouliza simu yako swali, kuna ghala mahali limejaa maelfu ya mashine zinazodonoa. Cray alikosea kuhusu mashine. Kuhusu watu, sidhani. Bado sijaona mkutano wa watu mia moja ukitoa wazo ambalo watatu hawangelitoa mezani na chai.

Siku hizi marafiki zangu wengi wanataka kuacha kodi ya Nairobi, wabebe laptopu wahamie shags, wafanye kazi kwenye utulivu. Siwacheki, hata mimi nimeshapiga hesabu ya bando. Ila nimejifunza kuuliza maswali mawili ambayo visa vya Chippewa Falls huyaruka: huo utulivu analipa nani, na waya zinafumwa na nani?