Jina na Mwaka: Asili ya Kanuni ya Kutaja Marejeo na Haki ya Mtungaji wa Kiswahili

Kila mwandishi apelekaye mswada kwa mhariri wa jarida la kitaalamu hupewa sharti la kupanga marejeo yake kwa namna iliyokwisha kuwekwa: jina la mwisho la mtungaji kwanza, kisha mwaka, kisha jina la kitabu, mji na mpiga chapa. Wengi wetu hulishika sharti hilo bila ya kuuliza ni nani aliyeliweka na kwa haja gani. Nia ya makala haya ni kueleza asili yake kwa ufupi, na kisha kuonyesha mahali ambapo kanuni iliyozaliwa katika elimu ya wanyama huko Marekani huwapunja watungaji wetu haki yao.

Desturi ya kutaja chanzo ni kongwe kuliko majarida. Wanazuoni wa hadithi za Mtume, miongoni mwao al-Bukhari (810–870), hawakukubali neno lolote ila liwe na isnadi, yaani mfuatano wa majina ya watu waliolipokea mmoja kwa mwingine hadi kumfikia msemaji wa kwanza. Aliyesoma chuoni katika pwani yetu aijua desturi hii tangu utoto wake. Katika Ulaya chanzo kilitajwa zaidi pembeni au chini ya ukurasa. Kamusi ya Pierre Bayle iliyotoka mwaka 1697 ilijaa tanbihi hata maneno yenyewe ya kitabu yakabaki mistari michache juu ya ukurasa; na Leopold von Ranke, katika kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1824, aliitilia nguvu rai kwamba mwanahistoria hana budi kumwonyesha msomaji hati alizozitegemea.

Njia ya jina na mwaka ndani ya mabano, ambayo leo huitwa njia ya Harvard, kwa kawaida hunasibishwa na Edward Laurens Mark (1847–1946), mtaalamu wa elimu ya wanyama katika chuo hicho. Mwaka 1881 alitoa makala marefu, yenye kurasa zaidi ya 400, juu ya yai la koa, yule konokono asiye na gamba, na namna yai hilo linavyopevuka na kugawanyika. Humo alitaja maandishi ya wenziwe kwa jina na mwaka tu, akaeleza katika tanbihi jinsi msomaji atakavyoyapata katika orodha iliyowekwa mwishoni. Njia hii iliwafaa sana watu wa fani yake. Wao tangu zamani waliambatisha jina la mnyama na jina la aliyemweleza kwanza, na mwaka kwao ulikuwa ushahidi wa nani aliyetangulia.

Fani nyingine zilifuata au zilijitafutia njia zao. Kitabu cha kanuni cha Chicago kilitoka mwaka 1906. Wataalamu wa saikolojia wa Marekani walichapisha maagizo yao mwaka 1929, kurasa saba tu. Mwezi wa Januari 1978 wahariri wa majarida ya utabibu walikutana mjini Vancouver, katika Kanada, wakaafikiana juu ya njia ya namba, ambayo tabibu huipenda kwa kuwa haimkatizi usomaji.

Njia ya jina na mwaka, tukiitazama kwa makini, imejengwa juu ya dhana tatu: kwamba kila mtu ana jina la ukoo, kwamba kila kazi ina mwaka mmoja, na kwamba aliyeandikwa juu ya jalada ndiye aliyetunga. Kwa koa wa Mark dhana hizo zilitosha. Kwa maandishi ya Kiswahili, zote tatu zina kasoro.

Tuanze na jina. Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa Shaaban bin Robert. Robert ni jina la baba yake. Tuandikapo kwamba Kusadikika ni kazi ya “Robert 1951”, twamtaja mzee aliyemzaa, wala si mtungaji. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka mswada juu ya Al-Inkishafi kwa jarida moja la ng'ambo. Niliandika jina la mtungaji kama lijulikanavyo, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Chapa iliporudi kusahihishwa, nilikuta ameorodheshwa chini ya herufi N, na mtungaji amekuwa “Nasir, S.”, babu amepewa utenzi wa mjukuu. Hapakuwa na nia mbaya. Mhariri alifuata kanuni.

La pili ni mwaka. Al-Inkishafi ilitungwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Ilipigwa chapa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand, kwa kazi ya W. E. Taylor, kisha ikatolewa na William Hichens mwaka 1939. Mwanafunzi wa historia ya lugha aonaye “1939” ndani ya mabano, na asiyeonywa, ataweza kuyahesabu maumbo ya maneno ya utenzi huo kuwa ni ushahidi wa Kiswahili cha mwaka huo. Atakuwa amekosea kwa zaidi ya miaka 100, na kila hoja atakayoijenga juu yake itapinda vivyo hivyo.

La tatu ndilo zito zaidi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikusanywa kwa jitihada ya Mwalimu Sikujua, aliyeshirikiana na Taylor, yakatoka mwaka 1940 kwa mkono wa Hichens. Wengi huandika “Hichens 1940” na kuishia hapo, na Sikujua hatajwi kabisa. Vivyo hivyo Desturi za Wasuaheli, kilichotoka Ujerumani mwaka 1903, kilijulikana kwa muda mrefu kuwa ni kitabu cha Carl Velten. Sehemu yake kubwa ni maneno ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin. Jina la Mtoro liliwekwa mbele katika tafsiri ya J. W. T. Allen ya mwaka 1981, yaani baada ya miaka 78.

Je, tuitupe kanuni? La. Bila ya utaratibu mmoja msomaji hawezi kukifuata chanzo, na elimu isiyoweza kufuatwa haihakikishiki. Yafaa tuirekebishe. Watu wa Iceland, ambao nao kwa kawaida hutumia jina la baba, huorodheshwa kwa jina lao wenyewe, wala maktaba zao hazikuvurugika. Basi nasi tumworodheshe Shaaban Robert chini ya Shaaban, na Mtoro chini ya Mtoro. Tuweke miaka miwili pale inapohitajika, wa kutungwa na wa kupigwa chapa. Na palipo na mtungaji, mkusanyaji na mhariri, tuwataje wote, kila mmoja kwa kazi yake.

Hapo tutakuwa tumeunganisha desturi mbili: ile ya Mark, imwonyeshayo msomaji ukurasa, na ile ya isnadi, imwonyeshayo mtu. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Orodha ya marejeo ni mahali padogo, lakini ndipo haki hiyo inapotolewa au kunyimwa, na kalamu iko mikononi mwetu.