Nakala Iliyosahihishwa: Thomas Hollis, John Locke na Ukusanyaji wa Vitabu vya Uhuru

Miongoni mwa wakusanyaji wa vitabu vya falsafa ya siasa, na hasa vile vya uliberali mkongwe, toleo la kwanza ndilo linalopewa hadhi ya juu kabisa. Ukurasa wa anwani wenye tarehe ya mwanzo, jalada la enzi zile na karatasi zisizo na doa huweza kuizidisha bei ya kitabu mara nyingi kuliko nakala ya toleo lililofuata. Mhakiki wa matini hana budi kuitilia shaka tathmini hiyo. Swali lake si kitabu kilianza kuonekana lini, bali ni nakala ipi inayoyabeba maneno ambayo mwandishi mwenyewe alitaka yasomwe. Maswali haya mawili mara nyingi hujibiwa na vitabu viwili tofauti. Makala haya yanadhamiria kulichunguza suala hili kwa kurejelea *Two Treatises of Government* cha John Locke. Nakala muhimu zaidi ya kitabu hicho si ya toleo la kwanza. Ni ya toleo la tatu, imejaa masahihisho ya wino, na imehifadhika kwa juhudi za mkusanyaji ambaye hakupenda hata jina lake litajwe.

Kitabu cha Locke kilipata kibali cha kuchapishwa mwezi wa Agosti 1689, kikaanza kuuzwa kabla ya mwaka huo kwisha, ingawa ukurasa wa anwani una tarehe ya 1690. Jina la mwandishi halikuwekwa. Locke aliificha siri hiyo hata kwa marafiki zake, naye alikiri kuwa ndiye mwandishi katika kiambatisho cha wasia wake tu, mwaka 1704, mwaka aliofariki. Katika dibaji anaeleza kwamba sehemu ya katikati ya mswada, iliyozidi kwa ukubwa sehemu zilizobaki, ilikuwa imepotea. Kwa hiyo hata toleo la kwanza lenyewe ni kipande. Isitoshe, uchapaji wake ulikuwa mbovu na Locke hakuridhika nao. Toleo la pili la 1694 halikumtuliza, wala la tatu la 1698. Hatimaye alichukua nakala ya toleo hilo la tatu akaisahihisha, hata alama za vituo. Baadhi ya masahihisho yako katika mwandiko wake. Mengine yaliandikwa na Pierre Coste, Mfaransa aliyeitafsiri kazi yake kuu kuhusu akili ya binadamu, na ambaye aliishi naye katika nyumba moja huko Oates, jimboni Essex.

Nakala hiyo ndiyo iliyokuja kuangukia mikononi mwa Thomas Hollis.

Hollis alizaliwa London mwaka 1720 katika ukoo wa wafanyabiashara matajiri waliokuwa Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la Uingereza. Watu wa madhehebu hayo walifungiwa njia ya shahada za vyuo vikuu vya kale na vyeo vingi vya serikali, isipokuwa kwa kula viapo ambavyo dhamiri zao zilivikataa. Hollis hakugombea ubunge, hakuoa, wala hakuandika kitabu kikubwa cha kwake. Alirithi mali akiwa kijana, akasafiri barani Ulaya kwa miaka kadhaa, kisha akarudi London na kuifanya kazi moja kwa bidii ya mtawa: kuvitafuta vitabu vya uhuru, kuvichapisha upya vilivyoadimika, kuvijalidi na kuvigawa. Aliwapenda hasa waandishi wa jamhuri wa karne ya 17, akina John Milton, Algernon Sidney, Henry Neville na Marchamont Nedham. Baina ya 1761 na 1767 alisimamia matoleo mapya ya kazi kadhaa za wandani hao wa uhuru, pamoja na za Locke. Kitabu cha Sidney, ambaye alikatwa kichwa mwaka 1683 huku maandishi yake mwenyewe yakitumiwa mahakamani kama shahidi dhidi yake, alikitoa upya mwaka 1763.

Tofauti yake na wakusanyaji wengi wa zama zake, na wa baadaye pia, ni kwamba hakukusanya ili amiliki. Katika baadhi ya vitabu aliandika maneno mawili ya Kilatini yenye maana kwamba amevipata ili avitawanye. Alivituma katika maktaba za Uingereza, Uswisi na Marekani, mara nyingi bila jina, akijitambulisha tu kama Mwingereza mpenda uhuru na raia wa dunia. Kuna kinaya hapa ambacho mpenzi wa fasihi hatashindwa kukitambua: mwandishi asiyetaka kujulikana alipata mfadhili asiyetaka kujulikana.

Hata hivyo vitabu vyenyewe havikuwa na haya. Hollis aliwaagiza mafundi wamjalidie kwa ngozi nyekundu, na juu yake wakapiga kwa dhahabu mihuri iliyochorwa na Giovanni Battista Cipriani na kuchongwa na Thomas Pingo: kofia ya uhuru waliyovikwa watumwa wa Kirumi walipoachiwa huru, jambia fupi la waliomuua Kaisari, bundi wa hekima, tawi la mtende. Inasimuliwa kwamba kitabu kisichomridhisha alikipigia muhuri wa bundi aliyepinduliwa kichwa chini. Kwa istilahi za nadharia ya kisasa, jalada hapa si kifuniko bali ni sehemu ya matini. Kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza, ameshaelekezwa namna ya kusoma. Wahakiki waliozoea kuanza kazi yao kwenye sura ya kwanza wangefaidika kwa kulikumbuka hilo.

Mwaka 1764 ulikuwa mgumu kwa mkusanyaji huyu. Mwezi wa Januari moto uliteketeza maktaba ya Harvard, na takriban vitabu 5,000 vikaangamia, vikiwemo vile vya ukarimu wa jamaa zake waliomtangulia. Mwaka huohuo karakana ya mjalidi wake John Matthewman nayo iliungua pamoja na ile mihuri ya kwanza. Hollis aliagiza mihuri mipya, akaongeza kasi ya kununua na kutuma. Masanduku yake yalipokelewa Boston na watu kama mhubiri Jonathan Mayhew, ambaye mahubiri yake dhidi ya utii wa upofu kwa watawala yalikuwa yamekwisha kujulikana. Wanahistoria wa mapinduzi ya Marekani, akiwemo Caroline Robbins, wameonyesha jinsi njia hii ya vitabu ilivyosaidia kuipa hoja za makoloni msamiati wake. Jina la Hollis limebaki Harvard hadi leo katika mfumo wa katalogi ya maktaba, ulioitwa HOLLIS.

Ni katika mwaka huohuo wa moto ambapo toleo lake la *Two Treatises* lilitoka. Tangazo lake linaeleza kwamba matini yamelinganishwa na matoleo matatu ya wakati wa uhai wa mwandishi, na kusahihishwa kwa nakala ambayo Locke alimkabidhi Coste. Baada ya kazi hiyo Hollis hakuitia nakala ile kabatini kwake. Aliitoa kwa Christ's College, Cambridge, chuo alichosoma Milton. Huu ni uamuzi wa kihakiki wa kupigiwa mfano. Mhariri anataja matini aliyoyatumia, kisha anayaweka mahali ambapo mwingine anaweza kwenda kumhakiki yeye mwenyewe.

Bahati mbaya ni kwamba kwa karibu miaka 200 hakuna aliyeifanya nakala hiyo kuwa msingi wa toleo la kihakiki. Kazi hiyo ilingoja hadi Peter Laslett alipotoa toleo lake mwaka 1960. Wasomi wa fasihi ya Kiswahili hawatashangazwa na ucheleweshaji huo. Tungo za Muyaka bin Haji zilisalimika kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya na W. E. Taylor akazihifadhi, miongo kadhaa baada ya kifo cha mshairi, na zilikawia tena kabla ya kuhaririwa kwa kina.

Mchango wa Laslett haukukomea kwenye masahihisho. Alitumia pia vitabu ambavyo Locke mwenyewe alikuwa amevikusanya, na hapa ukusanyaji unageuka kuwa ushahidi wa historia. Locke alikuwa na vitabu zaidi ya 3,600, naye alivitia alama kwa nidhamu ya mtunza hesabu. Bei aliiandika kwenye ukurasa wa 11, na tarakimu za mwisho za mwaka wa kuchapishwa alizipigia mstari. Baada ya kifo chake mkusanyiko uligawanywa mara mbili. Fungu moja likaenda kwa binamu yake Peter King, jingine kwa Francis Masham, mwana wa nyumba ile ya Oates. Fungu la Masham lilitawanyika. Masalio ya fungu la King yalinunuliwa na Paul Mellon, tajiri wa Marekani, ambaye aliyatoa kwa maktaba ya Bodleian huko Oxford, ambako hati za Locke zilikuwa zimenunuliwa mwaka 1947. Kwa kuchunguza Locke alikuwa na kitabu gani, lini na katika nyumba ipi, Laslett alidai kwamba sehemu kubwa ya *Two Treatises* iliandikwa karibu miaka kumi kabla ya mapinduzi ya 1688. Kama ni hivyo, kitabu hakikuandikwa ili kuyahalalisha mapinduzi yaliyokwisha kutokea. Kiliandikwa wakati ambapo kuwa na mswada wa namna hiyo kungeweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi, kama kisa cha Sidney kinavyothibitisha. Tarehe kamili bado inabishaniwa, lakini tafsiri ya zamani haijapata kusimama tena kwa uthabiti wake wa awali.

Mfano wa Locke si wa pekee. *The Wealth of Nations* cha Adam Smith kilitoka mwaka 1776, na nakala za mwaka huo ndizo zinazogombewa minadani. Hata hivyo wahariri wa toleo la Glasgow walichagua toleo la tatu la 1784 kuwa msingi wao, kwa vile Smith alilipanua na kulirekebisha. Kwa upande mwingine, zipo nyakati ambapo jicho la mkusanyaji wa matoleo ya kwanza linaona kilichowapita wataalamu. John Maynard Keynes alikuwa amepata kijitabu kisicho na jina cha 1740 kilichofupisha falsafa ya David Hume, ambacho wasomi walikuwa wakidhani kiliandikwa na Adam Smith alipokuwa kijana. Mwaka 1938 yeye na Piero Sraffa walikichapisha upya wakitetea kwamba mwandishi wake ni Hume mwenyewe. Hoja yao inakubaliwa na wasomi walio wengi.

Linabaki jambo ambalo majalada mekundu yanalifunika. Kofia iliyopigwa kwa dhahabu juu ya vitabu vya Hollis ni kofia ya mtumwa aliyeachiwa huru. Locke, ambaye anafungua kitabu chake kwa kuukemea utumwa kuwa ni hali isiyostahili kutetewa na Mwingereza, alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyofanya biashara ya watu kutoka Afrika ya Magharibi. Alikuwa pia katibu wa wamiliki wa koloni la Carolina, ambalo katiba yake ya 1669 ilimpa kila mwungwana mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Kiwango cha mchango wa Locke katika kuiandika katiba hiyo kinabishaniwa, lakini kujua kwake yaliyomo hakubishaniwi. Katika sura ya nne ya sehemu ya pili anakubali utumwa wa mateka wa vita vya haki. Baadhi ya wahakiki husema sura hiyo haiwezi kuutetea utumwa wa Atlantiki kwa sababu watoto wa mateka hawamo katika hoja yake. Hoja hiyo ni sahihi kimantiki, lakini hisa za Locke hazikungoja mantiki yake.

Masanduku ya Hollis yalipokuwa yakishushwa katika bandari ya Boston, rais wa Harvard alikuwa Edward Holyoke, aliyeongoza chuo kuanzia 1737 hadi 1769. Katika nyumba yake walitumikishwa Waafrika wawili, Juba na Bilhah, kama vile Titus na Venus walivyotumikishwa na rais aliyemtangulia, Benjamin Wadsworth. Vitabu vya Hollis viliandikwa katika orodha za maktaba tangu vilipowasili. Majina ya watu hawa wanne yaliwekwa kwenye kibao cha kumbukumbu, ukutani mwa nyumba hiyohiyo, mwaka 2016.